Kumuaga Bi Nyuzi, Mpimaji wa Ushirikiano Wetu

Mwisho wa mwezi huu Bi Nyuzi atakabidhi funguo za chumba chake cha ghorofa ya pili na kustaafu, baada ya kuutumikia mtandao wetu wa utafiti wa afya kwa miaka thelathini na mmoja. Karibu wanachama wote wa leo walimkuta hapa. Tuliokuwepo siku alipoingia tunaweza kukaa kwenye benchi moja bila kusukumana.

Alipoambiwa kwamba jarida litaandika wasifu wake, hakukataa, ila aliweka sharti kwamba yasiandikwe mazuri peke yake. Alisema sifa tupu ni za maiti, na yeye bado anapumua. Kwa hiyo msomaji asishangae akikuta humu mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya keki.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Wakati huo makao makuu yetu yalikuwa vyumba viwili nyuma ya stoo ya dawa ya hospitali, na mvua ikinyesha mashine ya kuchapa ilivikwa mfuko wa nailoni kabla mtu hajajifunika mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchapa mialiko ya mikutano na kuituma kwa wanachama. Baada ya miaka michache aligundua jambo ambalo sisi wataalamu tulikuwa tumelizoea hata hatulioni tena: mialiko ilikwenda kwa watu wengi, lakini waliojibu, waliokuja na walioandika makala pamoja walikuwa walewale. Akauliza kama kuna namna ya kulipima hilo. Alijibiwa kwamba ipo, ila inahitaji mtu anayejua takwimu. Akajiandikisha masomo ya jioni. Alimaliza shahada yake katika chuo kilekile alichokuwa akisoma mwanawe wa kwanza, na kijana huyo hadi leo hukiri kwamba alimwomba mama yake wasisalimiane mbele ya wenzake. Mama alikubali, kisha akampita kwa alama katika somo la hesabu.

Nieleze kidogo kazi aliyoianzisha, maana vijana wengi huijaza kila mwaka bila kujua ilitoka wapi. Mwanachama hupewa dodoso lenye majina ya wanachama wenzake wote. Mbele ya kila jina anatia alama: simjui, ninamjua, tunazungumza, tunapeana sampuli au takwimu, tunaandika pamoja. Majibu yakikusanywa, kila mwanachama anakuwa nukta, na kila ushirikiano unakuwa mstari kati ya nukta mbili. Ukitazama mchoro mzima unaona nani yuko katikati, nani yuko pembeni, na wapi pamekatika. Mchoro wa kwanza kabisa Bi Nyuzi aliutengeneza kwa pini na nyuzi za kushonea kwenye ubao wa matangazo. Mkurugenzi wa wakati huo aliingia, akautazama kwa muda, akauliza ni nani atakayefagia huu utando wa buibui. Jina likazaliwa siku ile. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga simu ofisini anamuulizia Bi Nyuzi.

Mwaka wa kwanza ulileta vichekesho. Mtaalamu wa Mapafu alitia alama kwamba yeye na Mtaalamu wa Watoto wanaandika pamoja. Mtaalamu wa Watoto, ambaye alikuwa anatumia naye birika moja la chai, akaandika kwamba hamjui. Kumbe walikuwa wamegombana juu ya jina la nani litangulie kwenye makala. Bi Nyuzi aliwaita chumbani kwake, akawakalisha kwenye viti viwili, akafunga mlango kwa nje, akaenda kununua karanga. Mwaka uliofuata wote wawili waliandika kwamba wanazungumza. Alilihesabu hilo kuwa ushindi, na hakukosea.

Tatizo jingine lilikuwa la kujikweza. Kila aliyewahi kumpisha Profesa mlangoni alidai kushirikiana naye. Mchoro ulijaa mistari isiyo na kazi nyuma yake, hadi ukawa kama nywele zisizochanwa. Ndipo Bi Nyuzi alipotunga kanuni inayotumika hadi leo: mstari hautachorwa mpaka pande zote mbili zitajane. Ukinitaja nami nikakutaja, tuna ushirikiano. Ukinitaja nami sikukutaja, hakuna kitu. Kanuni ile ilisafisha mchoro kwa siku moja. Mitandao mingine ilituma watu kuja kujifunza kwake, na wafadhili walianza kuuliza mchoro kabla ya kuuliza ripoti. Ilikuwa kanuni nzuri. Inafaa kusemwa wazi, kwa sababu yaliyofuata hayakutokana na uzembe wake wala nia mbaya ya mtu yeyote.

Ulipofika wakati mfuko wetu umepungua, baraza liliamua kupunguza vituo. Likatafuta kigezo kisicho na upendeleo, na mchoro wa Bi Nyuzi ulikuwa pale mezani. Kituo ambacho nukta ya mwanachama wake haina hata mstari mmoja, kiondolewe.

Vituo kadhaa viliondoka, na kwa vingi hapakuwa na ubishi. Vilikuwa vimekufa siku nyingi. Kimoja hakikuwa kimekufa. Kilikuwa Kituo cha Bondeni, mwisho wa barabara ya lami na saa nyingi mbele yake. Alikuwepo tabibu mmoja na mkewe, ambaye ni nesi. Kila wiki tabibu yule alichukua damu ya watoto wenye homa, akaifunga kwenye kasha la barafu, akalipakia kwenye basi kuja maabara yetu kuu. Katika dodoso alitaja watu wengi, na aliwataja kwa haki, kwa sababu damu aliyoituma ndiyo waliyoifanyia kazi. Lakini hakuna aliyemtaja yeye. Chupa zake zilifika zikiwa na namba ya kituo. Watu walizisoma namba, wakaipima damu, wakaandika makala zao, na hawakuwa wamewahi kumwona wala kusikia sauti yake. Mtu akiulizwa kama anashirikiana na fulani, anatafuta sura kichwani mwake. Sura haikuwepo. Wakatia alama ya simjui, na kwa upande wao ulikuwa ukweli.

Bi Nyuzi alisimama kwenye kikao akaeleza hayo yote. Alieleza kwa subira, kama anavyoeleza kila kitu, kwamba mchoro umemwonyesha mtu asiyefahamika na wao wanamsoma kama mtu asiyefanya kazi. Mwenyekiti wa wakati ule hakuwa mtu mkorofi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

“Bi Nyuzi, kanuni ni yako mwenyewe. Tukiikunja kwa mmoja, kesho tutaikunja kwa kila mwenye mjomba kwenye baraza.”

Bi Nyuzi alikaa chini.

Kuondolewa maana yake ni hii: hakuna tena chupa, hakuna barafu, na dereva wa basi hana tena amri ya kupokea kasha. Mvua zilipokuja, homa ilizuka bondeni. Tabibu aliwapigia simu watu aliokuwa akiwataja kila mwaka. Mmoja alikuwa kwenye mkutano. Mwingine alimshauri aandike rasmi makao makuu. Wa tatu alimuuliza yeye ni nani. Akaendelea kutibu kwa alichokuwa nacho, na kilipokwisha akaendelea kukaa na wagonjwa, mpaka homa ikamkamata na yeye. Alikufa katika wodi aliyokuwa akiifagia mwenyewe, baada ya watoto wengi kumtangulia. Timu yetu ilipofika, vipimo havikuchukua muda. Ilikuwa homa inayojulikana. Dawa yake ilikuwa kwenye stoo yetu, kwenye rafu ya chini, katoni hazijafunguliwa.

Bi Nyuzi hakuwa mtu wa safari za vituoni. Safari ile aliomba mwenyewe. Alimkuta mjane bado yuko kazini, amevaa sare, kwa sababu wagonjwa walikuwa hawajaisha na hakukuwa na mwingine. Nesi alimtolea kiti, akampa maji, akamuuliza habari za njiani. Wakazungumza mambo ya kawaida kwa muda. Kisha nesi akamwambia:

“Mume wangu akijaza lile dodoso lenu alikuwa anafurahi, dada. Ananionyesha majina, ananiambia, hawa ndio wenzangu. Naomba nikuulize tu. Mlikuwa wenzake kweli?”

Kila mwanachama mpya aliyepita kwenye mafunzo ya Bi Nyuzi amesikia kisa hiki, na kila mwaka yupo mmoja anayeuliza yeye alijibu nini. Jibu lake ni kwamba aliyanywa yale maji, kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya kwa mdomo wake.

Aliporudi alilitaka baraza lifanye mambo mawili. La kwanza lilikubaliwa: Kituo cha Bondeni kikarudishwa, na nesi akawa mwanachama kwa nafasi ya mumewe. La pili lilikataliwa: baraza halikutaka kuigusa kanuni ya pande mbili. Alichoruhusiwa ni kuonyesha ushirikiano wa upande mmoja kwa mistari myekundu, itazamwe lakini isihesabiwe. Basi akaichora. Mwaka ule wa kwanza mchoro ulipobandikwa kwenye ukumbi, watu walidhani mashine ya kuchapisha imeharibika. Myekundu ilikuwa mingi kuliko myeusi, na karibu yote ilitoka vituo vya mbali kuja kwetu hapa. Hakuna iliyorudi.

Hapo ndipo zilipoanza simu zake. Kila mwenye mstari mwekundu unaomwelekea alipigiwa. Bi Nyuzi hakulaumu mtu. Aliuliza tu, kwa sauti ileile anayoulizia habari za watoto, kwamba fulani wa kituo fulani amekutaja, je, unamfahamu? Ukisema humfahamu, anakusomea makala yako mwenyewe, anakuonyesha takwimu zilikotoka, kisha anakupa namba ya simu. Wapo waliokuwa wakimwona kwenye korido wanakumbuka ghafla kwamba wameacha jiko linawaka nyumbani. Profesa alijaribu kumkwepa kwa kupita ngazi za nyuma, akamkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma anakula parachichi. Lakini wapo pia waliopiga. Daktari wa Upasuaji alipiga kituo kimoja cha wakunga akitarajia mazungumzo ya dakika tano. Leo ameandika nao makala nne, na amesimamia harusi ya mmoja wao. Tukitaja mafanikio ya Bi Nyuzi, haya ndiyo ya kutaja. Mistari mingi myeusi mnayoiona ukumbini leo ilianza ikiwa myekundu.

Ya kusikitisha ni kwamba ile ya Bondeni haikubadilika.

Wasomaji waelewe vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo linalomkosesha Bi Nyuzi usingizi mwezi huu wa mwisho. Nesi wa Bondeni amebaki katika mtandao kwa mstari mmoja mweusi, na mstari huo unakwenda kwa Bi Nyuzi mwenyewe. Si mstari wa huruma. Wanazungumza kila Ijumaa asubuhi. Nesi anataja idadi ya homa za wiki, Bi Nyuzi anaziingiza kwenye kumbukumbu, kisha wanaulizana habari za nyumbani. Wanatajana kwa sababu wanafanya kazi pamoja. Lakini uanachama wa mtu unakoma siku anapostaafu, na hesabu mpya ya ushirikiano inafunguliwa wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Nukta ya Bi Nyuzi itafutwa, mstari utakwenda nayo, na Bondeni patabaki kama palivyokuwa mwaka ule. Chupa zitakoma, barafu itakoma, na mvua hazikawii.

Alilifikisha hilo kwenye kikao cha baraza cha mwezi uliopita. Mwenyekiti wa sasa ni kijana msikivu, aliyepita mikononi mwake. Alimwambia kwamba haoni haja ya kubadili kanuni inayofanya kazi.

“Mama, watu wamtaje tu. Si wanatumia sampuli zake?”

“Nimewaambia miaka yote hii.”

“Basi waambie mara ya mwisho, mama.”

Kwa hiyo wiki hizi, badala ya kufungasha vitu vyake, Bi Nyuzi amekuwa akipita chumba kwa chumba na simu mkononi, sauti imefunguliwa. Anaingia, anasalimia, anasema huyu hapa ndiye anayekuletea damu, hebu msalimie. Nesi ni mtu wa aibu kidogo. Yeye humuuliza kila mtu swali moja tu, kama chupa zilifika bila kupasuka. Fundi wa maabara anayepokea makasha aliposikia sauti ile aliweka chini alichoshika. Alisema chupa za Bondeni anazijua hata gizani, kwa kuwa hufungwa plasta mara mbili shingoni, na siku zote alidhani mfungaji ni mzee fulani wa kiume mwenye wasiwasi. Walicheka wote watatu. Kisha Bi Nyuzi akakumbuka kwamba mafundi wa maabara si wanachama, na dodoso hawapewi.

Wanaopewa walikuwa na majibu mengine. Wengi waliahidi, kama walivyoahidi mwaka jana. Wengine walisema kwa uaminifu kwamba hawawezi kutia alama kwa mtu waliyezungumza naye mara moja, tena kwa kushikiwa simu. Mtaalamu wa Mapafu alitoa sababu ambayo pengine ndiyo ya kweli zaidi. Majina kwenye dodoso yamepangwa kwa umbali kutoka makao makuu. Mtu huanza na jirani zake kwa moyo, akifika hospitali za mikoa amechoka, ana kikao, na kurasa zilizobaki anazipitisha kwa alama moja kuanzia juu hadi chini. Simjui, simjui, simjui. Alisema hajawahi kukusudia kumkana mtu. Bi Nyuzi alimwambia anaamini hivyo.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza anataka azawadiwe nini, alisema saa za ukutani anazo tatu tayari na zote zinasema saa tofauti. Ombi lake mnalijua. Jarida lilisita kulichapisha, maana si sawa kupigia kampeni dodoso la kisayansi, na yeye angekuwa wa kwanza kutukemea. Tumeafikiana hivi. Hakuna anayeombwa kuandika uongo. Kila anayetumia takwimu za homa za bondeni anaombwa ampigie simu aliyezikusanya, amuulize kazi inakwendaje, na amweleze yeye anazifanyia nini. Amwambie na kama chupa zilifika salama. Apige tena wiki inayofuata. Akishafanya hivyo, ajaze dodoso kwa ukweli wake. Nesi wa Bondeni yuko ukurasa wa mwisho, jina la mwisho.

Hatujui itakuwaje. Wasifu wa mstaafu hupenda kumalizika kila kitu kikiwa mahali pake, na huu tumeshindwa kuumaliza hivyo.

Bi Nyuzi, umetufundisha kuhesabu tulichokuwa tunajisifia bila kukihesabu, na ulipoona hesabu yako imemwacha mtu nje hukujificha nyuma yake. Kwa miaka yote hiyo tunakushukuru: kwa subira yako, kwa simu zako tulizozikimbia, na kwa milango uliyotufungia mpaka tukaelewana. Nenda ukawafaidi wajukuu, wakufaidi na wao. Tunakuombea afya, usingizi usiokatika mvua inaponyesha, na Ijumaa moja umpigie yule mama wa bondeni ukute simu yake inatumika, anazungumza na mmoja wetu.